Hati ya Ardhi Ina Mwisho, Tuuhesabu Mapema

Wananchi wengi wa Mwanza, na pamoja nao ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Kome wenye nyumba mjini, wanaamini kwamba aliyekwisha kupata hati amekwisha kupata ardhi ya milele. Imani hiyo si sahihi. Hati ya kumiliki kiwanja hutolewa kwa miaka maalumu, mara nyingi 33, 66 au 99, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu kipindi kimoja kipite miaka 99.

Hatuulaumu utaratibu huo, kwani una historia ya heshima. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuigeuza ardhi kuwa bidhaa, akionya kwamba wenye fedha wangeitwaa na wanyonge wangebaki wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliifuta milki ya daima tuliyorithishwa na wakoloni, ikaifanya pango la Serikali la miaka 99. Msingi uliosimama tangu hapo ni kwamba ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake. Amana hiyo imemkinga mnyonge dhidi ya kabaila.

Lakini amana humfunga anayeishika na anayeitumia pia. Aliyepewa miaka 33 mwaka 1985, muda wake ulikwisha mwaka 2018. Aliyepewa mwaka 1995, mwisho wake ni mwaka 2028. Hata zile milki za miaka 99 zilizotokana na sheria ya 1963 zitafika ukingoni mwaka 2062. Nyumba inaweza kuwa imesimama imara na watoto wamo ndani, na hali karatasi inayoilinda imekwisha nguvu. Hapo ndipo benki hukataa dhamana, mnunuzi hurudi nyuma, na warithi huanza kushitakiana.

Kwa mtu wa kisiwani jambo hili ni geni zaidi. Shamba la mihogo alilorithi kijijini analishika kwa milki ya kimila, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu iendelee bila kikomo cha miaka. Anaponunua nyumba Nyamagana huja na mazoea hayo hayo. Huiweka hati sandukuni, akavuka maji kurudi kwao, na sanduku halifunguliwi tena hadi siku ya mirathi.

Uzito unaongezeka katika majengo ya ghorofa. Sheria ya mwaka 2008 imemwezesha mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, wakati ardhi, ngazi na paa vinabaki kuwa vya wote. Hati ya ghorofa ya tatu haiwezi kudumu kuliko haki ya kiwanja kilichobeba jengo zima. Kwa hiyo mnunuzi asiulize bei na idadi ya vyumba tu, bali aulize pia kiwanja kimebakiwa na miaka mingapi. Na muda unapokaribia kwisha, wenye sehemu hawana budi kusimama pamoja kupitia umoja wao, kwa kuwa hakuna awezaye kuhuisha peke yake ardhi iliyo chini ya jirani zake.

Wajibu wa wananchi ni kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, kutimiza masharti ya hati, na kuomba kuhuisha milki kabla muda haujakwisha.

Wajibu wa maofisa ni mkubwa zaidi, kwa sababu wao ndio wenye majalada. Serikali inayopokea kodi ya mwenye nyumba kila mwaka ina deni la kumjulisha kwamba miaka yake inakwisha. Tunapendekeza kila ankara ya kodi hiyo ioneshe waziwazi miaka iliyobaki. Tunasema pia kwamba mwenye nyumba aliyetimiza masharti asikilizwe kabla ya mwombaji mwingine yeyote, na gharama zote zibandikwe mahali pa wazi ili pasiwe na mwanya wa rushwa.

Tangu mwaka 2020 huduma za ardhi zimesogezwa mikoani, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini mtu wa Ukara huvuka maji mara mbili kufika Mwanza. Kwake yeye neno "njoo kesho" ni nauli, ni malazi, na ni siku ya kazi iliyopotea. Ofisa anayelitamka bila sababu anamwibia mwananchi, hata kama hakupokea senti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wananchi wafungue masanduku yao wiki hii, wasome tarehe zilizoandikwa katika hati zao. Na maofisa wafungue majalada yao, wawaite wale ambao muda wao umekwisha au unakaribia kwisha, bila kungoja ugomvi ufike mahakamani.