Sigara ya rejareja yahatarisha mioyo na mapafu Muhoroni

MUHORONI hujulikana kwa miwa na matrekta yanayotimua vumbi kuelekea kiwandani. Lakini katika vibanda vya mji huo, kama ilivyo katika miji mingine ya ukanda wa sukari, ipo bidhaa nyingine inayopata wateja tangu alfajiri: sigara inayouzwa moja moja.

Kibarua wa kukata miwa hana fedha za pakiti nzima. Hununua moja asubuhi, pengine nyingine jioni, kisha hujiliwaza kuwa yeye si mvutaji sugu. Liwazo hilo halina msingi.

Mnamo Januari 2018, jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchanganuzi wa tafiti nyingi ulioongozwa na Profesa Allan Hackshaw wa University College London. Ulibainisha kuwa anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo inayomkabili anayevuta 20. Wengi wangetarajia sehemu moja tu kati ya 20.

Sababu imo ndani ya mishipa ya damu. Nikotini huuchochea mwili kutoa adrenalini. Moyo hupiga mbio na mishipa hujibana. Gesi ya kaboni monoksaidi huteka nafasi ya oksijeni katika chembechembe nyekundu za damu. Sumu nyinginezo hujeruhi utando laini wa ndani ya mishipa, mafuta yakajikusanya hapo na damu ikawa rahisi kuganda. Donge likiziba mshipa wa moyo, mtu hupatwa na mshtuko wa moyo. Likiziba wa ubongo, ni kiharusi.

Katika mapafu, uharibifu huchukua miaka. Vifuko vya hewa hubomoka pamoja na mishipa myembamba inayovizunguka. Mishipa iliyosalia hujibana kwa upungufu wa oksijeni, shinikizo hupanda, na upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, huelemewa. Ndipo miguu huvimba na pumzi kukatika baada ya hatua chache. Moshi wa kuni na wa mashamba ya miwa yanayochomwa kabla ya kuvunwa huzidisha mzigo huo.

Sheria ipo. Ile ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inapiga marufuku kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau sigara 10, na kuwauzia walio chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 11.6 ya watu wazima, takriban milioni 2.5, walitumia tumbaku.

Kasoro ni utekelezaji. Kwa kuwa huduma za afya zimegatuliwa, maafisa wa afya ya umma wa kaunti wana wajibu wa kuvikagua vibanda. Lakini msako pekee hautamsaidia aliyekwisha kuzoea. Anahitaji ushauri nasaha katika zahanati iliyo karibu.

Manufaa hayakawii. Mwaka mmoja baada ya kuacha kabisa, hatari ya ziada ya maradhi ya moyo hupungua kwa karibu nusu. Kupunguza idadi hakutoshi.

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Kwa sigara, haba ya kwanza imekwisha kukifikisha kibaba nusu.