Hamu ya chakula haishindwi kwa kushinda njaa

Katika ofisi nyingi za umma na katika vyumba vya walimu, saa nne asubuhi ni saa yenye heshima yake. Majalada hufungwa, chaki huwekwa kando, na birika la chai huingia likifuatana na sinia la maandazi, chapati na sambusa. Kwa mtumishi aliyeambiwa na daktari juma lililopita kwamba shinikizo lake la damu limepanda na kwamba hana budi kupunguza uzito, saa hiyo ndiyo mtihani. Siku ya kwanza hunywa chai tupu huku akitazama pembeni. Siku ya pili hufanya vivyo hivyo. Siku ya tatu, akiwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, hula maandazi manne kwa mfululizo na wenzake wakacheka. Jioni hujiambia kwamba hana nia thabiti, na shauri zima la daktari likaishia hapo.

Hukumu hiyo haina haki. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 kwa muda wa miezi sita. Vijana hao walikuwa na afya njema, na walikuwa watu wa msimamo. Walikuwa wamekataa kubeba silaha vitani kwa kufuata dhamiri zao, wakakubali kuteseka ili ipatikane elimu ya kuwahudumia watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Hata hivyo, kadiri miezi ilivyopita, fikra zao zilitekwa na chakula. Walizungumza habari za chakula, wakaota chakula, na baadhi yao wakawa wasomaji wakubwa wa vitabu vya mapishi. Nani atathubutu kuwaita watu wa namna hiyo legelege?

Sayansi ya baadaye imeeleza sababu. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni ya leptini, itokayo katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua ghrelini, itokayo tumboni na kuamsha njaa. Anayepunguza chakula kwa ghafla huishusha ya kwanza na kuipandisha ya pili. Utafiti uliofanywa nchini Australia na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu waliopungua uzito kwa kula kidogo mno kwa wiki 10 walikuwa bado na dalili hizo za njaa katika damu yao mwaka mzima baadaye. Kwa hiyo mwalimu anayeanza Jumatatu kwa kushinda njaa anajitengenezea mwenyewe adui wa Jumatano.

Yafaa kwanza kutenganisha njaa na hamu. Njaa hukubali chakula chochote, hata kiporo cha ugali. Hamu hutaka kitu kimoja kwa jina lake, tena kwa saa yake na mahali pake. Dawa ya njaa ni kula. Mtu aliyekula asubuhi maharage na kipande cha muhogo wa kuchemsha, au yai na kiazi kitamu, hulikuta sinia la saa nne akiwa na akili zake. Vyakula vya jamii ya kunde, mboga za majani na unga wa dona hukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate mweupe na chai ya sukari. Hamu nayo, mara nyingi, hupungua mtu akiondoka mezani na kushika kazi nyingine kwa muda mfupi. Huwa haipungui kwa kuketi mbele ya sinia na kuonyesha ushujaa.

Sukari inastahili kutazamwa peke yake, kwa maana ndiyo inayojificha zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu yote apatayo mtu kutokana na chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 hivi vya chai kwa siku. Mtumishi anayekunywa vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwisha kula vijiko tisa. Akiongeza chupa moja ya soda, ambayo kwa kawaida ina zaidi ya gramu 30, amevuka mpaka na bado hajala andazi. Si lazima aiache sukari yote kwa siku moja. Akipunguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea, na baada ya miezi michache chai ya zamani humwonekea kuwa tamu mno.

Usingizi nao una neno lake hapa, na walimu wasahihishao madaftari hadi usiku wa manane walisikie. Mwaka 2004 huko Chicago vijana wa kiume 12 walilazwa saa nne tu kwa usiku mbili. Leptini yao ilishuka, ghrelini ikapanda, na hamu yao ikaelekea zaidi vyakula vitamu na vya wanga.

Wagonjwa wa kisukari wanahitaji tahadhari ya pekee. Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari, asiruke mlo bila shauri la mganga. Akitetemeka, akatokwa jasho na kushikwa na njaa ya ghafla, huenda sukari imeshuka mwilini, naye apate kitu chenye sukari mara moja. Kumwambia avumilie ni kumhatarisha.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya walioshiba, katika nchi ambamo uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto kama 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hoja hiyo ni nzito. Lakini uchunguzi wa mwaka 2015–16 ulikuta pia wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Udumavu na unene hukutwa hata katika nyumba moja, na mwalimu aliyepooza kwa kiharusi huacha darasa bila mwalimu. Kasumba ya kukiona kitambi kuwa dalili ya cheo haijamsaidia mtoto yeyote aliyedumaa.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba hamu ya mtu mmoja huchochewa na mpango wa wengi. Anayefunga Ramadhani huimaliza siku bila maji wala chakula, na sehemu ya nguvu yake hutoka kwa jirani zake wanaofunga pamoja naye. (Wafanyavyo baadhi yao kwenye futari ni habari nyingine.) Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, enzi za TANU, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, zilifuata njia hiyo hiyo. Wananchi walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatenda pamoja. Lakini mtumishi aliyepewa shauri na daktari huachwa peke yake, na si ajabu kukuta semina ya lishe yenyewe ikifunguliwa kwa soda na kufungwa kwa chipsi na kuku.

Fedha ya chai ya chumba cha walimu huchangwa na walimu wenyewe. Katika kikao cha kwanza cha muhula wanaweza kukubaliana kwamba sukari iwekwe mezani badala ya kutiwa jikoni ndani ya birika, ili kila mmoja ajipimie. Kwamba sinia la maandazi lifuatane na viazi vitamu, mayai au karanga. Na kwamba maji ya kunywa yawe karibu kuliko soda. Anayetaka andazi lake alile kwa amani, ila asimsogezee sinia mara tatu mwenzake aliyekwisha kusema ahsante.