NYUMBA NZURI, LAKINI ZA NANI?

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika miaka ya 2010 Kaunti ya Mombasa ilitangaza mpango wa kubomoa nyumba za zamani za Manispaa, pamoja na za Changamwe, Mikindani, Likoni na Khadija huko Kisauni, na kujenga maghorofa. Tangu hapo wapangaji wana maneno mawili. Wengine wafurahi, maana nyumba zimechakaa. Wengine wauliza: tukitoka, tutarudi?

Sisi hatupingi nyumba nzuri. Shida ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya wafanya kazi katika mgomo mkuu wa Mombasa, Januari 1947. Lakini nyumba asiyoweza kuilipia mtu wa gatini si nyumba yake.

Tutazame Buxton, kisiwani. Mwaka 2021 nyumba za zamani zilianza kubomolewa. Wapangaji walitengewa fedha za kuhama, na kuna waliokwenda mahakamani. Nyumba mpya zikawa za kuuzwa. Fedha za kuhama huliwa na kodi. Zikiisha, mwenye mshahara mdogo atanunua kwa nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao. Basi twadai: ahadi ya kurudi iandikwe, bei ipimwe kwa mshahara, wenye vibanda wapewe nafasi katika maduka mapya.

Ndugu, usitie sahihi peke yako. Lete karatasi yako chamani, tuisome pamoja kabla tingatinga halijafika.

UMOJA NI NGUVU.