Waliowinda Wachawi Walikuwa Wasomi

Kuna kauli ninayoisikia mara kwa mara katika makongamano yetu, na kwa hakika nimeichoka: kwamba hofu ya uchawi ni maradhi ya wasiosoma, na dawa yake ni shule. Wanaoitoa huongeza kwamba Ulaya nayo ilikuwa gizani hadi Matengenezo ya Kanisa yalipokuja, watu wakapewa Biblia kwa lugha zao, na habari za wachawi zikaisha. Hoja hii haina mashiko. Historia inasema karibu kinyume chake.

Tuitazame Uskoti. Bunge lililopitisha sheria ya kuwaua wachawi mwaka 1563 lilikuwa la nchi iliyoukana utawala wa Papa miaka mitatu tu kabla. Sheria hiyo haikumlenga mchawi peke yake. Ilimtia hatiani hata aliyekwenda kwake kutaka shauri. Hadi ilipofutwa mwaka 1736, zaidi ya watu 3,800 walikuwa wameshitakiwa, wengi mno wakiwa wanawake. Hili halikuwa genge la walevi usiku wa manane. Palikuwa na hati, mihuri, makarani, wazee wa kanisa na tume zilizoteuliwa kisheria.

Kinara wao alikuwa nani? Mfalme James wa Sita, mwanafunzi wa George Buchanan, mmoja wa wanazuoni mashuhuri wa Ulaya ya zama zile. Dhoruba zilipoisumbua safari ya kumleta malkia wake kutoka Denmark, James alishawishika kwamba wachawi ndio waliochafua bahari. Kijakazi mmoja, Geillis Duncan, aliteswa hadi akataja majina. Miongoni mwa waliotajwa alikuwa Agnes Sampson, mganga aliyekuwa akiwatibu watu. Alihojiwa mbele ya mfalme mwenyewe, akauawa mwaka 1591. Mwaka 1597 mfalme huyohuyo akachapisha kitabu chake, Daemonologie, kuwajibu wasomi waliothubutu kutia shaka. Mlalamikaji, mpelelezi na mtunzi wa kitabu cha kiada wakawa mtu mmoja.

Kuna watakaoniambia kwamba Wakatoliki nao walichoma. Walichoma, tena sana. Lakini hakuna anayetuhubiria kwamba Baraza la Mahakama za Imani ndilo lililoleta mwanga.

Kinachonisumbua zaidi ya ukatili ule ni mantiki yake. Waprotestanti hawa walifundisha kwamba Mungu ni mwenye enzi yote, na Ibilisi hawezi hata kutikisa jani bila idhini Yake. Mwaka 1539, mhubiri wa Kilutheri Johannes Brenz alihubiri baada ya mvua ya mawe kwamba wachawi hawana uwezo wa kuleta mvua hiyo. Mungu ndiye huileta. Ibilisi, akiona inakaribia, humchochea mwanamke afanye vitimbi vyake ili ajidhanie kuwa ndiye aliyeisababisha. Ungetarajia basi mwanamke huyo aachwe aende zake. La hasha! Katika miaka ya 1560, tabibu Johann Weyer, ambaye naye hakuwa na shaka yoyote kwamba Ibilisi yupo, alimwandikia Brenz akimsihi akubali matokeo ya mahubiri yake: ikiwa hawana uwezo, na wengi wao ni vikongwe waliovurugwa akili na maradhi, wanauawa kwa kosa gani? Brenz akashikilia kwamba nia yao inatosha kuwaadhibu.

Hapo ndipo penye sumu. Kosa lilihamishwa kutoka mkononi likapelekwa moyoni, mahali ambapo hakuna shahidi awezaye kuingia. William Perkins wa Cambridge akalifikisha mwisho: kwake yeye kiini cha uchawi ni agano na Shetani, kwa hiyo mganga anayeponya ni mbaya kuliko mchawi anayedhuru, maana wa pili huumiza mwili na wa kwanza huinasa roho. Kwa hoja hiyo, mtu aliyemtibu ng'ombe wa jirani akapona alistahili kifo. Mkulima asiyejua kusoma asingeweza kuibuni hoja kama hiyo. Ilihitaji chuo kikuu.

Basi nini kilikomesha mauaji? Mwaka 1692 huko Salem, Massachusetts, watu 19 walinyongwa na mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe, kwa sehemu kubwa kwa ushahidi wa vizuka: shahidi alidai kwamba umbo la mshitakiwa limemjia na kumtesa. Increase Mather, mkuu wa Chuo cha Harvard, aliamini kwamba wachawi wapo. Lakini aliandika kwamba Ibilisi anaweza kujivika umbo la mtu asiye na hatia, hivyo ushahidi wa namna hiyo haufai kumhukumia mtu. Gavana akaivunja mahakama ile. Mahakama mpya ilipokataa vizuka mwezi Januari 1693, karibu wote walioletwa mbele yake waliachiwa. Imani ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kanuni ya ushahidi.

Nayasema haya kwa watumishi wa umma hasa. Sheria yetu ya Uchawi, tuliyoachiwa na Waingereza tangu mwaka 1928, bado inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi ahamie mahali pengine, yeye akishajiridhisha. Ajiridhishe kwa ushahidi wa namna gani? Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa jikoni, na sisi tunajibu kwa semina za elimu kwa umma, kana kwamba kuua kwa tuhuma ni tatizo la kutojua kusoma.

Mmoja wa mahakimu wa Salem, Samuel Sewall, alisimama kanisani mwaka 1697 huku toba yake ikisomwa mbele ya waumini. William Stoughton, msomi wa Harvard aliyeiongoza mahakama ile, hakutubu. Alikuja kukaimu ugavana, na jengo lenye jina lake lipo Harvard hadi leo.