Umri wa kuolewa: Sheria ni moja, mikoa haifanani

MTU anayesafiri kutoka Shinyanga kwenda Iringa havuki mpaka wowote wa kisheria. Bunge ni lile lile na Sheria ya Ndoa ni ile ile ya mwaka 1971. Hata hivyo, kwa habari ya umri wa msichana kuolewa, mikoa hiyo miwili imetofautiana kana kwamba ni nchi mbali mbali.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 mkoani Shinyanga, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Tabora walikuwa 58, Mara 55 na Lindi 48. Dar es Salaam walikuwa 19, na Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha Njombe, walikuwa wanane tu. Wastani wa kitaifa ulikuwa 37. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha wastani huo umeshuka hadi 31.

Tofauti hizi zinaelezwaje? Jibu linalotolewa haraka ni mila, na hasa mahari. Katika Usukuma na miongoni mwa Wakurya wa Mara, jibu hilo lina ukweli. Ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya binti ndio mara nyingi wanaotumika kumwolea kaka yake mke, kwa hiyo ndoa yake inasubiriwa na watu wengi kuliko yeye mwenyewe. Kwa Wakurya, tena, kwa desturi ukeketaji ndio uliotangaza kuwa msichana yuko tayari kuolewa.

Lakini mahari haitoshi kuieleza Lindi. Wamwera, Wamakonde na Wayao wa kusini kwa asili wanafuata ukoo wa mama, na mahari yao haijawahi kuwa kundi la ng'ombe. Huko ni unyago unaomtoa binti katika utoto, na akishachezwa huhesabiwa kuwa mtu mzima hata kama umri wake ni wa darasani. Kwa hiyo njia ni mbili tofauti kabisa, nazo zinamfikisha msichana mahali pamoja.

Iringa nayo si mkoa usio na mila wala mahari. Kwa miaka mingi wasichana wa nyanda hizo wamekuwa wakiondoka nyumbani kutafuta kazi za ndani mijini, na wengine wameajiriwa katika mashamba ya chai ya Mufindi. Kazi hizo zina madhila mengi na ujira wake ni mdogo. Hakuna sababu ya kuzipamba. Ila zimempa binti kitu cha kufanya kati ya kumaliza shule na kuolewa, na wazazi wake wamepata njia nyingine ya kumtazama zaidi ya mahari.

Hapo ndipo ulipo msingi wa suala lenyewe. Binti huolewa mapema pale ambapo baada ya darasa la saba hakuna kingine kinachomsubiri. Ndiyo maana kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016 ni hatua kubwa, sawa na uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni.

Je, sheria inasaidia? Kifungu cha 13 kiliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kikataka ridhaa ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe 18 kwa wote. Serikali ilikata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba sheria ya 1971 ilizingatia mila na dini za jamii mbalimbali. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Mwaka 2020 ulikwisha bila vifungu hivyo kurekebishwa.

Wakati huo huo, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Maana yake ni kwamba, kwa sheria hizo mbili zikisomwa pamoja, msichana wa miaka 15 aliye kidato cha kwanza analindwa na jela ya miaka 30, ilhali mwenzake wa umri huo huo aliyeacha masomo anaweza kuozwa kwa ridhaa ya baba yake.

Anayehitaji ulinzi zaidi ndiye anayeachwa nje. Hoja ya kuheshimu tofauti za jamii haimsaidii, kwa sababu katika jamii zote hizo si yeye anayeulizwa. Sheria peke yake haitaifanya Shinyanga kuwa Iringa, maana hiyo ni kazi ya shule na ajira. Lakini mwalimu au jirani anayetaka kuizuia ndoa ya binti wa miaka 15 anahitaji mahali pa kusimama, na mahali hapo ni jukumu la Bunge kumpatia.