Chombo Kirushwe, Nasi Tuambiwe

Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, kwa jirani zetu sisi wa Kitui. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi, upana wake meta 2.5 hivi na uzito kilo 500 hivi. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Kipande kile hakikuwa mtambo wa nyuklia. Lakini je, wanakijiji waliokizunguka wangejuaje?

Vyombo vya nyuklia viko, si porojo. Chombo kinachokwenda mbali na jua hakipati mwanga wa kutosha kuzalisha umeme. Kwa hiyo Cassini, kilichorushwa na Marekani mwaka wa 1997 kwenda sayari ya Zohali, kilibeba kilo 33 hivi za plutoniamu. Sayansi hiyo siipingi. Ila tukumbuke Kosmos 954, setilaiti ya Muungano wa Kisovieti iliyokuwa na tanuri la nyuklia. Januari 1978 ilianguka kaskazini mwa Kanada, ikatawanya vipande vyenye miale ya hatari. Mwaka wa 1981 Wasovieti walilipa dola milioni 3 za Kanada.

Mwaka wa 1992 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kwamba nchi inayorusha chombo cha nyuklia ichunguze usalama wake kwanza, na matokeo yatangazwe kabla hakijaruka. Vizuri sana! Lakini yatangazwe kwa nani? Ripoti hizo husomwa na wataalamu. Mama anayefukua mchanga wa mto kule Mutomo apate maji, na mchunga mbuzi wa Kibwezi, hawazioni kamwe, ilhali anga ni moja.

Kwa maoni yangu, uchunguzi wa usalama haujakamilika mpaka mwananchi wa kawaida aambiwe la kufanya. Chifu atangaze barazani, walimu wafundishe darasani: kitu kikianguka kutoka juu usikiguse, usikikate ukauzie watu wa vyuma vikuukuu. Ondoa watoto, kaa mbali, piga ripoti polisi. Miale haina rangi wala harufu.

Kuna watakaosema, "Aa, hayo hutokea mara moja tu!" Jamani, hata mvua kwetu ni ya nadra, lakini silanga tunaichimba kabla haijanyesha. Tahadhari kabla ya hatari.