Soya kwenye unga wa lishe: nani anapima?

Huku kwetu Bukoba na Muleba chakula ni ndizi, na ndizi protini yake kiduchu. Ndiyo maana kina mama wananunua unga wa lishe ulioandikwa "soya". Sasa kwa macho utajuaje kama soya imo?

Maabara wanatumia kingamwili: zinanasa protini ya soya, mahindi zinayaacha. Ujanja uleule wa kipimo cha malaria cha kutoboa kidole (walimu watarajiwa, tufundishie hicho!). Ila soya ikikaangwa protini hubadilika umbo, kingamwili zinaweza kuikosa, hivyo zitumike zinazoitambua ikiwa imekaangwa.

Mimi nasema vipimo hivi vishuke hadi wilayani. Mtoto mwenye mzio wa soya naye ananyweshwa uji huohuo. Mnasemaje?